Besi ya Shemasi Threadgill

Shemasi Wardell Threadgill alisema uongo wake mchana kweupe, ndani ya nyumba ya Mungu, huku ameshika paja la kuku. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani alikuwa amelewa. Alikuwa na akili zake zote, zile alizonazo.

Kikao cha mashemasi wa Kanisa la Pisga Mpya, hapa Memphis, kilikuwa kimefika kwenye jambo zito. Mpiga besi wao, kijana aitwaye Terrell, alikuwa amehamia kanisa kubwa la kule kando ya barabara kuu, ambako wanamuziki wanapewa bima ya afya na jukwaa linatoa moshi. Sherehe ya kumpongeza Mchungaji ilikuwa imekaribia, na wahubiri wa makanisa mengine walishaalikwa pamoja na kwaya zao na matumbo yao. Na Mchungaji Hosea Bledsoe, bila besi, hahubiri. Mwanzo wa mahubiri yake hauna shida, lakini pale mwisho, anapoacha kusema na kuanza kughani, sauti inapopanda na watu wanaposimama, lazima chini yake kuwe na kinanda na besi. La sivyo anasikika kama mtu anayemwita mbwa wake aliyepotea.

"Tumwite Renita," alisema shemasi mmoja mzee aliyekuwa amesinzia tangu sala ya kufungua, na kwa hiyo hakukumbuka kinachozungumzika na kisichozungumzika.

Wote wakageukia kuku wao. Renita ni binti yake Wardell. Aliipiga besi ya kanisa lile tangu utotoni mpaka mwaka juzi, mashemasi walipomkalisha, yaani walipomwondoa jukwaani kwa kura, kwa sababu alionekana akipiga besi Jumamosi kwenye klabu moja inayouza kambale wa kukaanga na bia. Aliyemwona ni Shemasi Lonzo Pruitt, na hakuna aliyemuuliza Lonzo yeye alikuwa amefuata nini huko. Mikono yote iliinuka siku ile. Baba mtu naye aliinua wake, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Huyo tulishamkalisha," Lonzo alisema, akijifuta mafuta kwenye vidole. "Au Shemasi Threadgill ana maoni mapya kuhusu mwanawe?"

Mtu mwingine hapo angemeza kuku wake akatazama dirishani. Wardell hakuweza. Kumtetea bintiye kulimshinda, na kumkana mara ya pili kulimshinda pia, na ulimi wake ukatafuta mlango wa tatu.

"Hakuna haja ya kumwita mtu," alisema. "Nitapiga mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilipiga jeshini, Ujerumani. Kwenye bendi ya kikosi."

Ujerumani Wardell alikuwa fundi wa malori. Besi aliishika mara moja tu, apigwe picha ya kumtumia mama yake, na mwenye besi alimnyang'anya kabla picha haijakauka. Lakini mashemasi wenzake walipiga makofi, mmoja akasema Bwana hakosi njia, na kikao kikafungwa kwa sala ndefu ya shukrani.

&nbsp;

"Ulipiga nini Ujerumani?" mkewe Odessa aliuliza. Alikuwa mpishi wa shule, na nyumbani napo alipika kwa mwiko wa kulishia shule.

"Besi."

"Threadgill." Jina la ukoo alilitumia akikasirika. "Nimeishi na wewe tangu nina kiuno. Wewe hata hodi hujui kubisha kwa mdundo. Kanisani unapiga makofi mpaka watoto wanahamia benchi jingine."

"Nitajifunza."

"Utajifunza kwa nani?"

Wardell akavuta kutoka nyuma ya mlango wa jiko gitaa la besi alilolinunua duka la rehani jioni ile ile, jekundu, lenye mkwaruzo wa mtu aliyewahi kulitupa kwa hasira. Kitufe cha kuzungusha ili kupunguza sauti kilikuwa kinazunguka tu bila kufanya kazi: ukichomeka waya, besi inalia yote, na ukichomoa imekufa. Muuzaji alimwambia ndivyo zilivyotengenezwa zile nzuri za zamani, naye akamshukuru.

Wakati huo Renita aliingia kutoka kazini, na vumbi la ghala na viatu vyake vya kuendeshea foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo. Alikuwa amerudi kuishi nyumbani kodi za nyumba zilipopanda, akakuta chumba chake kama alivyokiacha na baba yake kama alivyomwacha. Tangu siku ya kura hawakuzungumza ana kwa ana. Maneno yao yote yalipitia kwa Odessa.

Renita alifungua friji, akamtazama baba yake aliyesimama katikati ya jiko na besi shingoni.

"Mama, mwambie mzee wako mkanda ameuvaa kinyume."

"Mwambie binti yako sikumuuliza."

"Ambianeni wenyewe," Odessa alisema. "Mimi siyo posta."

Wardell aligeuza mkanda, lakini polepole, ili ionekane ni wazo lake. Kisha akachomeka waya kwenye spika kuukuu ya Renita iliyokuwa kwenye kona, akavuta uzi mmoja kwa nguvu zote za mikono iliyokuwa ikifungua boliti za magari ya taka ya jiji kila siku. Sauti iliyotoka haikuwa moja. Nyuzi zote nne ziliitikia, kila moja kwa hamu yake, sahani zikatetemeka kabatini, na hata alipoacha kupiga, besi iliendelea kunguruma peke yake.

"Yesu wangu," Odessa alisema. "Kuna lori linarudi nyuma humu ndani?"

"Huzimi," Renita alisema, kwa friji. "Umepiga uzi mmoja, umeacha tatu zinajipigia. Besi siyo unachopiga tu. Zima zisizotakiwa."

"Mwambie binti yako Ujerumani tulipiga hivi hivi."

Renita alifunga friji, akaenda chumbani na sahani yake ya mkate wa mahindi. Alicheka akiwa amefika mlangoni, na alihakikisha kicheko kimesikika.

&nbsp;

Alhamisi ya mazoezi ilimaliza ubishi.

Mchungaji Bledsoe ameghani katika ufunguo mmoja tu wa muziki maisha yake yote. Wanamuziki wanauita A-flat, sisi wengine tunauita ufunguo wa Mchungaji. Ubaya wake ni huu: katika ufunguo huo, nyuzi tatu kati ya nne za besi, zikilia wazi bila kushikwa, ni maadui. Uzi wa A ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu uko juu kidogo tu ya sauti ya Mchungaji. Ukiachwa unalia, unamkaribia sikioni na kumvuta juu, naye anausikiliza bila kujua anamsikiliza nani.

Mchungaji alianza kupanda kidogo, kwa kujaribu. Wardell akapiga. Uzi wa A ukaitikia, ukakaa hapo hapo, haukuondoka. Taa ya juu ya mimbari ikaanza kutetemeka ndani ya kikombe chake cha kioo. Bibi mmoja wa safu ya mbele alichomoa kifaa chake cha kusikilizia, akakitia ndani ya mkoba, akaufunga mkoba. Mchungaji alifika kwenye neno "Yordani", sauti ikavutwa juu, ikakatika katikati kama ya kijana anayebalehe.

Thaddeus Yarbrough, mpiga kinanda, mwanamume wa pete nyingi na manukato yanayofika kanisani kabla yake, aliondoa mikono kwenye kinanda akaikunja.

"Shemasi," alisema. "Hilo jeshi lako, vita lilishinda?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Lonzo Pruitt alicheka mpaka akashika benchi, akakohoa, akapigwa mgongoni, akaendelea pale alipoachia. Mchungaji hakucheka. Alimwekea Wardell mkono begani na kumwambia kwa upole, "Tutakuombea, Shemasi," na pale Pisga Mpya, Mchungaji akikuahidi maombi mbele ya watu, ujue umekwisha. Wardell alirudi nyumbani na besi kwenye kiti cha nyuma cha gari, na Odessa kwenye kiti cha mbele akitazama nje ya dirisha njia nzima, jambo lililomuumiza kuliko vicheko vyote.

Renita alikuwa amekaa kibarazani. Baba yake alisimama mbele yake na lile gitaa jekundu mikononi.

"Renita," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo mbele yake tangu mwaka juzi, na lilimtoka kwa shida. "Nifundishe."

"Kwa nini usiwaambie tu kwamba ulidanganya?"

"Siwezi."

"Angalau hilo ni kweli." Renita alisogeza kiti chake mbele. "Siku ile ya kura, uliinua mkono gani?"

Wardell alifikiri kwamba ni utani, akaona si utani, akainua wa kulia.

"Basi tunaanza na huo."

"Walikuwa wananitazama wote, Renita."

"Na mimi nilikuwa nakutazama," Renita alisema. "Lete mkono."

&nbsp;

Alimfundisha pale pale kibarazani kila jua lilipoanza kupoa, na hakumruhusu kupiga nota hata moja.

"Kidole gumba kilaze juu ya uzi mnene. Kilaze, usikichomeke, huo siyo mlango wa lori. Ukishuka uzi wa pili, gumba linakufuata, linalala juu ya ule uliouacha. Ukishuka tena, linakufuata tena. Unapokwenda, nyuma yako hakuna kinacholia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Vidole vya mwisho viwili, vilaze juu ya nyuzi nyembamba. Vinafanya nini hapo?"

"Vinakaa."

"Vinazima! Nani alikuambia vinakaa? Wewe ndiye unayekaa."

Mkono wa kulia ulipoanza kutii, wakahamia wa kushoto. Huo ulikuwa mtihani. Kumaliza nota, Renita alisema, hakuna kuondoa kidole kwa pupa, maana uzi ukiachwa ghafla unapiga kelele ya kuachwa. Unalegeza tu, kidole kikiwa bado kimeugusa, na sauti inakufa bila vurugu. Na vidole visivyo na kazi vinalala juu ya nyuzi, siyo kusimama hewani kama vinaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Wardell alilaza kidole kimoja. Uzi ukatoa mluzi mwembamba, wa juu sana, na mbwa wa jirani akaujibu.

"Viwili," Renita alisema. "Kimoja kikigusa pabaya uzi unapiga mluzi. Daima viwili."

"Ujerumani hatukuwa na—"

"Baba."

"Viwili," Wardell alisema.

Odessa alitoka na sponji la kuoshea vyombo na kisu. Alikuwa amesikia kwa mtu kwamba ukilichomeka sponji chini ya nyuzi, karibu na pale zinapofungwa, kelele yote inakwisha, na alikuwa tayari kulikata kwa kipimo chochote ili apate kupika kwa amani. Renita alikataa. Alisema sponji linazima kila kitu, kizuri na kibaya, na mkono usiojua chochote utabaki haujui chochote. Odessa alijibu kwamba huo ndio uliokuwa mpango wake, akarudi ndani na sponji lake.

Siku zikaenda. Ngozi ya vidole vya Wardell, iliyozoea chuma na grisi, ilishangaa kuumizwa na vitu vyembamba hivi, ikatoka malengelenge. Lakini mikono ya fundi ina jambo lake: ikishaelewa, haisahau. Kufikia wiki ya sherehe, Renita angeweza kumgongea uzi wowote, kutoka pembe yoyote, na kabla haujalia, mkono mmoja wa baba yake ulishafika kuuzima. Alizima vizuri kuliko Terrell. Tatizo ni kwamba alipoambiwa sasa apige, kila kitu kilisambaratika. Vidole vya kushoto vilikwenda mahali pasipo na nota yoyote inayojulikana, mguu ukagonga mdundo wake wenyewe, na uso ukajaa jasho.

"Sikiliza," Renita alisema Jumamosi asubuhi, akikaa kwenye ngazi ya chini. "Nitakuambia ukweli. Umejifunza nusu ya besi, nusu ile ngumu. Lakini ni ile nusu ambayo haisikiki."

"Kesho saa tisa," Wardell alisema, "watu wote hao." Akaweka gitaa sakafuni, akaufunika uso kwa mikono yake miwili yenye malengelenge, na Renita, ambaye alikuwa ameapa kutomhurumia, akamhurumia, na akakasirika kwa sababu hiyo.

&nbsp;

Wazo la bwawa lilikuwa la Odessa, na mimi simlaumu, kwa kuwa mapishi ya shule yanamfundisha mtu kufanya kazi na kilichopo.

Kilichokuwepo ni hiki. Nyuma ya jukwaa la kwaya, Pisga Mpya ina bwawa la ubatizo, limejengwa ukutani, na mbele yake pazia la rangi ya zambarau. Bwawa lilikuwa kavu tangu kipasha maji kilipoharibika, na waumini wapya wanasubiri wokovu wao ukiwa nusu. Ufunguo wa mlango wa nyuma anao Odessa, maana ndiye anayefua majoho. Na spika ya besi ya kanisa, ile kubwa iliyo pembeni kabisa mwa jukwaa, ina matundu mawili ya kuchomekea nyaya.

"Tundu moja la Baba," Odessa alisema, akikaanga nyama ya kifungua kinywa. "Jingine waya wake unapita chini ya pazia. Wewe unapiga kule ndani. Yeye anasimama nje, anazima zake, anatikisa mabega."

"Si achomoe tu waya wake?" Renita aliuliza.

"Thaddeus anakagua nyaya mwenyewe, na yule akikuta waya umechomolewa atautangaza kwenye kipaza sauti."

"Mama, unataka nijifiche kwenye bwawa la ubatizo kama panya?"

"Mimi nilibatiziwa mle ndani na nikameza maji mengi. Hakuna aliyekufa."

Wardell alikuwa anatazama sahani, akiwa na aibu, na pia, Mungu amsamehe, na tumaini.

Nyama ilianza kuungua, na Renita akaizimia moto. "Sawa," alisema. "Siyo kwa ajili yake, usimwambie ni kwa ajili yake. Pale klabuni watu wananipa migongo, wanachambua miiba ya kambale. Nimekosa ile saa Mchungaji anapopanda, na aliye chini yake amembeba ni mimi. Naiota hata nikiwa kwenye foklifti, Mama. Nikiipata mara moja tu, hata kwenye shimo, sawa."

"Yupo hapa," Odessa alisema, akionyesha mumewe kwa mwiko. "Amesikia."

&nbsp;

Jumapili saa tisa mchana kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Wahubiri wageni walikaa mbele na leso zao. Wardell alivaa suti ya rangi ya zabibu, ile ya harusi na mazishi ya watu muhimu. Thaddeus alipita akakagua nyaya, akavuta wa Wardell, akaukuta umechomekwa, akaguna. Wa pili, uliolala kando ya zulia, hakuuona, kwa kuwa Odessa alikuwa ameuwekea chungu cha maua juu yake.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, besi ilitoka. Ilikuwa nzito na safi, kila nota ikianza panapotakiwa na kuishia panapotakiwa, na kati ya nota na nota hakukuwa na mnong'ono wowote. Wardell alikuwa amelaza mikono yote miwili juu ya nyuzi zake, gumba mahali pake, vidole viwili viwili, anatikisa mabega. Thaddeus alimtazama mikono. Kisha akatazama pazia. Alikuwa amepiga na Renita miaka mingi na hangeweza kukosa kuutambua mpigo wake, kama mtu asivyoweza kukosa kuzitambua hatua za mkewe kwenye ngazi. Akatabasamu, akafumba macho, akapiga kinanda kwa namna ambayo hakuwa amekipiga tangu mwaka juzi.

"Piga, Shemasi!" mtu alipaza sauti.

"Hiyo ndiyo Ujerumani!" mwingine akadakia.

Na hapa lazima niseme aibu yenyewe ilivyo. Wardell alianza kufurahia. Wimbo wa pili alishaongeza uso, akawa anakunja midomo kila nota nene inapopita. Wimbo wa tatu alitikisa kichwa kama anayejizuia asipige vizuri zaidi. Dada mmoja wa usharika mwingine alikuja kumpepea kwa upepeo wa karatasi, naye akamwinamia kwa heshima, kama mtu aliyechoka na kazi. Odessa, benchi la nne, alifunika macho.

Kisha Mchungaji akasimama kuhubiri, akasema, akasema, na ilipofika wakati akaacha kusema akaanza kughani. Thaddeus akamfuata, na besi ikaingia chini yao. Renita alimchukua Mchungaji tangu chini kabisa. Akipumua, anamsubiri. Akiruka, anamruhusu, na akishuka anamkuta hapo hapo. Sauti ilipita kwenye mbao za jukwaa ikaingia miguuni mwa Wardell, ikapanda mpaka kifuani. Akasahau kukunja midomo. Alikuwa amemsikia bintiye akipiga tangu mtoto, na siku zote alisikia kelele ya kanisani kama wanavyoisikia watu wengine. Sasa, kwa kuwa mikono yake ilijua kila alichokuwa akikizima, alisikia ni kazi kiasi gani, na uchungu ukamshika.

Mchungaji alikuwa juu kabisa, uso umelowa, leso imekwisha kazi. Akageuka akamnyooshea Wardell kidole.

"Miaka yote hii!" alighani. "Eeh! Tulikaa naye! Eeh! Hatukumjua! Pisga Mpya, nauliza! Kiti hiki cha besi! Eeh! Nikimpa huyu Shemasi mpaka siku ya kufa kwake! Nani anakataa?"

"Hakuna!" kanisa likaitikia.

"Semeni amina!"

"Amina!" na sauti ya Lonzo Pruitt ilikuwa ya kwanza, kwa kuwa hakuna anayependa mshindi kama Lonzo.

Nyuma ya pazia, nota moja haikuja. Moja tu, halafu besi ikaendelea, na katika watu wote wale hakuna aliyeitambua ila Thaddeus, aliyefumbua macho, na Wardell.

Wardell aliangalia mikono yake. Kisha akaiondoa, ya kulia na ya kushoto, akaiinua juu ya kichwa, ambako kila mtu angeiona.

Nyuzi nne zilizoachwa wazi kando ya spika kubwa hazihitaji mtu wa kuzipiga. Zilianza kunguruma zenyewe, kwanza taratibu, kisha uzi wa A ukakaa mbele ya wenzake ukapiga kelele. Na chini ya kelele hiyo, besi nyingine iliendelea kutembea, safi. Vichwa vikageuka. Mwanamume amesimama mikono juu na besi inapigwa.

"Ala!" Lonzo alisema kwa sauti. "Anayepiga ni nani?"

"Mimi sijui kupiga," Wardell alisema, lakini hakuna aliyemsikia kwa kelele ya besi yake mwenyewe, basi akaenda kwenye pazia, gitaa likimngurumia tumboni, akavuta kamba.

Renita alikuwa amesimama ndani ya bwawa kavu, na viatu vyake vya ghalani, macho amefumba, anapiga. Alijua pazia limefunguka kwa sababu mwanga ulimpiga usoni. Hakuacha. Mchungaji alikuwa bado hajashuka, na mpiga besi hamwachi mhubiri juu.

Lonzo alisimama. "Mchungaji! Huyo tulimpigia kura! Huyo ni wa klabu, mimi mwenyewe nimemwona—"

"Jumamosi ngapi, Lonzo?" Odessa aliuliza kutoka benchi la nne, na watu waliokuwa karibu wakageuka kungoja jibu.

Mchungaji Bledsoe alimtazama Renita bwawani. Alimtazama Lonzo, akawatazama wahubiri wageni waliosimama wote kwa miguu yao. Akikatiza hapa, itabidi aanze tena kutoka chini, na kooni alikuwa na mara moja tu iliyobaki. Alivuta pumzi.

"Keti, Lonzo!" alighani, katika ufunguo wake. "Eeh! Nimesema keti! Mwacheni apige!"

"Apige!" kanisa likaitikia, na Thaddeus akaikandamiza hukumu hiyo kwa vidole vyote kumi. Kura ya kupinga kitu kilichoghaniwa bado haijavumbuliwa pale Pisga Mpya. Lonzo aliketi.

Lakini uzi wa A ulikuwa bado unalia. Wardell alisimama ukingoni mwa bwawa, mikono hewani, hajui aipeleke wapi, na lile gitaa jekundu linampigia kelele binti yake na Mchungaji na ukoo mzima wa Pisga Mpya. Renita akafumbua macho. Akamwona.

"Baba!" alipaza sauti juu ya kila kitu. "Zima!"

Akazima. Alilaza gumba, akalaza vidole, vya kushoto viwili viwili kama alivyofundishwa, na zote nne zikanyamaza mara moja. Alisimama pale akilia wazi mbele ya watu, hakuziachia tena mpaka Mchungaji alipomaliza.